Shauri lao: Baraza la Shura la Oman na ushauri usiomfunga mtawala

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 2023 nilikuwa Seeb, nje kidogo ya Muscat, nyumbani kwa shangazi yangu. Ni mzaliwa wa Wete. Alihamia Oman na mumewe miaka ya sabini, na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kipemba. Siku hiyo Waomani walikuwa wanachagua Baraza la Shura, na kwa mara ya kwanza kura za baraza hilo zilipigwa kwa simu nchi nzima. Tulipomaliza kula, mjukuu wake akakaa naye kwenye zulia, akamfungulia programu, akamwonyesha pa kubonyeza. Haikuchukua hata robo saa. Shangazi akarudisha miwani kwenye kikasha, akaagiza kahawa.

Nikamuuliza, "Shangazi, umempa nani?"

"Mtoto wa watu. Alikuja hapa kwenye khitma ya mjomba wako, akakaa mpaka mwisho."

"Akiingia atafanya nini?"

"Atatusemea."

"Na wakubwa wakikataa?"

Akanitazama kama ninauliza lililo wazi. "Hapo tena, mwanangu, shauri lao."

Sijaweza kulisahau jibu hilo, kwa sababu ndani yake mna katiba nzima ya baraza lile. Neno shauri tumelipata kwenye Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliozaa shura, ila sisi tumelipa kazi mbili. Shauri ni nasaha. Shauri pia ni jambo lililokufika, lililo juu yako: mashauri mahakamani, shauri la Mungu. Ukimwambia ndugu yako "shauri lako", maana yake nasaha nimetoa, kufuata au kuacha ni juu yako, na likiharibika utalibeba mwenyewe. Baina ya ndugu wawili hiyo ni haki. Lakini mtawala akikataa nasaha ya watu wake, habebi yeye. Anayebeba ni yule aliyetoa nasaha, na jirani zake, na watoto wao. Hapo ndipo ninapoona ubovu wa mabaraza ya ushauri ya aina hii. Wajumbe wengi wa Shura ninaowajua kwa habari zao ni watu wenye elimu, wanaohangaikia majimbo yao, kwa hiyo sisemi kwamba wamekaa bure. Ninasema kwamba wanapokataliwa hakuna kinachotokea kwa yule aliyewakatalia.

Tuanze mwaka 1981. Sultani Qaboos bin Said alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kiti, tangu alipomwondoa baba yake mwaka 1970, na vita vya Dhofar vilikuwa vimekwisha. Akaunda Baraza la Ushauri la Dola lenye wajumbe 45, wote wa kuteuliwa, la kuzungumzia uchumi na maisha ya jamii. Mwaka 1991 akalivunja, akaleta Majlis al-Shura, mjumbe mmoja kwa kila wilaya, 59 kwa jumla. (Wilaya ya kule ndiyo neno hili hili letu, na anayeitawala ni wali, ndugu wa liwali wetu wa pwani.) Wilaya ilipeleka majina matatu, serikali ikachagua moja. Mwaka 1994 wanawake wa Muscat wakaruhusiwa kugombea na wawili wakaingia. Mwaka 1996 ikatoka Sheria ya Msingi, ambayo ndiyo katiba ya nchi, nayo ikaleta Baraza la Dola, la kuteuliwa lote, likae juu ya lile la Shura. Mwaka 2003 ndipo kila Muomani aliyetimiza miaka 21 akapata kura.

Ukizipanga tarehe hizi utaona ngazi inayopanda, na ndivyo wasemaji wa serikali wanavyozipanga. Polepole, wanasema, kila jambo na wakati wake. Mimi naomba tuangalie kitu kingine ambacho miaka yote hiyo hakikusogea. Qaboos alikuwa sultani, waziri mkuu, waziri wa ulinzi, waziri wa mambo ya nje na waziri wa fedha, mtu mmoja. Idadi ya wajumbe ilikua, wapiga kura wakaongezeka, njia ya kupiga kura ikawa ya kisasa, na mambo ya ulinzi, usalama na nchi za nje yakabaki nje ya mlango wa baraza. Vyama vya siasa vimepigwa marufuku. Majina ya wagombea huchujwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa kuwa hakuna chama wala ilani ya pamoja, mtu anachagua kwa ukoo, kwa ujirani, kwa nani alikuja kwenye khitma. Shangazi yangu hakukosea hata kidogo. Alitumia kipimo pekee alichoachiwa.

Wapo wanaotetea hali hii kwa dini na mila. Husema shura ni ya Kiislamu, Qurani inawasifu waumini kwamba jambo lao ni kushauriana baina yao, na kwamba ushauri ni adabu ya Waarabu ambayo haihitaji bunge la kizungu. Ninaichukulia hoja hii kwa uzito, na kwa sababu hiyo hiyo naona inawageukia. Oman ndiyo nchi ambayo historia yake inaonyesha shura yenye nguvu ilikuwaje. Kwa mafundisho ya Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yenye mizizi Oman, imamu, yaani kiongozi wa dini na wa dola, huchaguliwa na wanazuoni na wakuu wa watu, hupewa baia, yaani ahadi ya utii, na akidhulumu huweza kuondolewa. Haikuwa nadharia ya vitabuni tu. Mwaka 1913 wanazuoni na makabila ya bara walimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa imamu, kinyume cha sultani wa Muscat. Alipouawa mwaka 1920 wakamchagua Muhammad bin Abdullah al-Khalili, na mwaka huo huo ukaja mkataba wa Seeb, mji ule ule nilikokuwa nimekaa kwenye zulia la shangazi, ulioiachia bara ijiendeshe. Uimamu ule ulidumu mpaka miaka ya hamsini, ukavunjwa na jeshi la sultani likisaidiwa na Waingereza. Sisemi ulikuwa utawala wa kila mtu. Wanawake hawakuhesabiwa, watumwa hawakuhesabiwa, na makabila makubwa yalikuwa na sauti kuliko madogo. Lakini neno shura lilikuwa na sharti ndani yake: tumekupa, na tunaweza kukunyang'anya. Ukiondoa sharti hilo ukabakiza jina, hujahifadhi mila.

Mwaka 2011 sharti hilo lilikaribia kurudi. Februari vijana wa Sohar, mji wa viwanda kaskazini kwenye pwani ya Batinah, walijaa kwenye mzunguko wa barabara wenye sanamu ya dunia, wakidai kazi na kuondolewa mawaziri waliowatuhumu kwa ufisadi. Polisi walifyatua risasi, damu ikamwagika. Qaboos hakungoja. Alibadilisha mawaziri, akaahidi ajira 50,000, na mwezi Oktoba kwa Amri ya Kifalme namba 99 ya mwaka 2011 akairekebisha Sheria ya Msingi. Sasa miswada ya sheria ingepitia Shura, kisha Baraza la Dola. Mwenyekiti wa Shura angechaguliwa na wajumbe wenyewe. Mawaziri wa huduma, kama wa afya na elimu, wangeweza kuitwa wahojiwe. Ilikuwa hatua ya kweli na watu waliipokea hivyo. Uchaguzi ulifanyika mwezi huo huo, na miongoni mwa waliochaguliwa alikuwamo Talib al-Maamari, mjumbe wa wilaya ya Liwa.

Napenda nikae kidogo na habari za mtu huyu, kwa sababu yeye alifanya kile ambacho baraza lile linasemwa liliundwa kwa ajili yake.

Liwa iko jirani na bandari ya Sohar. Zamani ilijulikana kwa mitende na uvuvi. Kuanzia miaka ya 2000 serikali ilijenga pale bandari kubwa na kuzungushia viwanda vya petrokemikali, vya kusafisha mafuta, vya chuma. Watu wa Liwa wakaanza kulalamikia harufu inayoingia majumbani, kikohozi cha watoto, na hofu ya saratani. Walilalamika kwa njia zote zinazojulikana. Barua ziliandikwa, malalamiko yakafika barazani. Mjumbe wao aliyasema, maana ndiyo kazi aliyotumwa. Moshi ukaendelea.

Agosti 2013 wakazi walikwenda kusimama kwenye barabara ya kuingilia bandarini. Al-Maamari alikuwa pamoja nao. Hebu mfikirie mjumbe aliyechaguliwa kihalali, ambaye amekwisha kusema ndani ya ukumbi na hakuna kilichobadilika, anayewaona waliompigia kura wakisimama barabarani. Atakaa nyumbani? Polisi walirusha mabomu ya machozi kuwatawanya. Siku chache baadaye alikamatwa, na pamoja naye diwani wa pale pale Liwa. Mwezi Desemba mahakama ilimhukumu miaka saba. Rufaa ikazunguka, na mwaka 2014 hukumu ikawa miaka minne, kwa mkusanyiko usio halali na kuitisha maandamano. Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia watu wanaozuiliwa kiholela kilitoa maoni kwamba kufungwa kwake ni kwa kiholela. Alitoka mwaka 2016.

Naitazama kesi hii kila ninapoambiwa kwamba baraza la ushauri ni mwanzo mzuri, na kwamba likizoeleka litakomaa. Alichofanya Al-Maamari ni kulichukulia baraza kwa dhati. Aliamini kwamba kuwa mjumbe wa Liwa maana yake ni kuwa upande wa Liwa, hata baada ya saa za kikao. Aliyekwenda jela ni mshauri. Waliokataa ushauri hawakuulizwa. Na wajumbe wenzake zaidi ya themanini walipata somo ambalo halikuhitaji kuandikwa kwenye kanuni za baraza: sema ndani, kaa kimya nje, na ukikataliwa rudi ukaombe kingine.

Mfumo huu una mtego mwingine ambao hauonekani upesi. Baraza la aina hii hubadilisha namna watu wanavyosema. Madai huingia mlangoni na kutoka yakiwa maombi. Watu wa Liwa walikuwa na haki ya hewa safi, lakini njia pekee waliyopewa iliwataka waombe. Kijana wa Sohar alikuwa na haki ya kujua fedha za mafuta zinakwenda wapi, akaambiwa apeleke ombi la kazi. Mjumbe naye anageuka tarishi wa heshima: anabeba barua ya huyu kuipeleka wizarani, anafuatilia matibabu ya yule, anaomba taa za barabarani. Vyote hivyo vina faida kwa anayepata, na sitamcheka mtu aliyepata matibabu kwa barua ya mjumbe. Lakini kila barua ikijibiwa inakuwa hisani, na kila hisani inadai shukrani, na mwenye kushukuru hahoji.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo lazima niiseme, kwa sababu shangazi huisema vizuri kuliko wasemaji wa serikali. Oman ya mwaka 1970 ilikuwa na shule tatu za kisasa nchi nzima. Yeye alipofika, barabara ya lami ilikuwa jambo la kusimuliwa. Leo wajukuu wake wamesoma vyuo vikuu, hospitali iko karibu, na anatembea usiku bila hofu. "Sisi tulikimbia damu Unguja," aliniambia siku moja. "Hapa tumepata amani. Unataka tugombane na aliyetupa?" Siwezi kumjibu kwa wepesi. Mwaka 1964 kwake ni jina la kaka yake. Ninachoweza kusema ni kwamba Qaboos alijenga kwa fedha za mafuta ya Waomani, na kwamba kujenga shule hakumpi mtu haki ya kutoulizwa juu ya moshi. Watu wa Liwa nao walikuwa wanazipenda barabara zao.

Na alichotoa mtawala kwa amri, mtawala hukichukua kwa amri. Qaboos alifariki Januari 2020, akamfuata binamu yake, Haitham bin Tariq. Januari 2021 Sultani mpya alitoa Sheria mpya ya Msingi, na mamlaka ya Baraza la Oman, yaani Shura na Baraza la Dola kwa pamoja, ambayo tangu 2011 yalikuwa yameandikwa kwa urefu ndani ya Sheria ya Msingi, yakatolewa humo na kupelekwa kwenye sheria ya kawaida, iliyotoka nayo kwa amri ya kifalme. Wengi walivutiwa na habari ya mrithi wa kiti, kwa kuwa kwa mara ya kwanza Oman ilipata nafasi ya mwanamfalme mrithi. Habari ya baraza ilipita kimya. Miezi minne baadaye, Mei 2021, vijana wa Sohar walikuwa barabarani tena, wakidai kazi tena. Miaka kumi ya baraza lenye mamlaka mapya ilikuwa imepita kati ya mikusanyiko hiyo miwili.

Majirani wanaonyesha jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Saudi Arabia ina Baraza la Shura la watu 150, wote wanateuliwa na mfalme. Qatar ilichagua wajumbe 30 kati ya 45 mwezi Oktoba 2021, mara ya kwanza katika historia yake, na Novemba 2024 ikafanya kura ya maoni iliyoufuta uchaguzi huo na kurudisha uteuzi. Kuwait ndiyo pekee kati yao iliyokuwa na bunge lenye meno: liliwahoji mawaziri mpaka wakajiuzulu, lilikataa sheria. Mei 2024 amiri alilivunja na kusimamisha baadhi ya vifungu vya katiba kwa muda usiozidi miaka minne. Baraza lisilouma linaachwa liishi.

Sisi wa huku tunaijua historia hii kwa sababu tumewahi kukaa kwenye viti hivyo. Zanzibar ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, chini ya Sultani Khalifa bin Haroub na Balozi Mkaazi wa Uingereza. Maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wasio maofisa, kwa hiyo kura ilijulikana kabla ya kupigwa. Viti vya wasio maofisa viligawiwa Waarabu, Wahindi na Mzungu. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo, hakuingia mpaka mwaka 1946, na aliingia kwa kuteuliwa. Miaka ishirini watu wengi zaidi visiwani walikuwa wanatungiwa sheria na chombo kilichosema kinawashauria.

Tanganyika nayo ilipata baraza lake mwaka 1926. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua Julius Nyerere kuwa mjumbe. Nyerere aliingia akatoa mapendekezo, akayapunguza ili yakubalike, akaona hata yale yaliyopunguzwa hayapokelewi. Desemba mwaka huo huo akajiuzulu. Sababu yake ilikuwa kwamba kuendelea kukaa mle kungekuwa kuwadanganya watu waliomtuma, kwa kuwa wangedhani kuna jambo linaendelea. Alikaa miezi michache tu. Ninaitaja habari hii nikijua kwamba Nyerere aliyetoka kwenye baraza lile ndiye baadaye aliyetuongoza kwenye chama kimoja, ambako bunge letu wenyewe lilijifunza kupiga makofi. Hilo halifuti alichokiona mwaka 1957. Aliona kwamba kiti kisicho na nguvu humtumikia zaidi yule aliyekitoa.

Al-Maamari hakuwa na mlango wa kutokea kama ule. Nyerere alipojiuzulu alirudi kwenye TANU, chama chenye matawi na kadi na mikutano ya hadhara, akaigeuza ile hatua kuwa nguvu. Mjumbe wa Liwa akijiuzulu anarudi nyumbani. Hana chama cha kumpokea, hana gazeti litakaloandika kwa nini ametoka, na mkutano wa watu kumi mtaani unaweza kuhesabiwa kosa. Ndiyo maana siwalaumu wajumbe waliobaki. Swali langu kwa baraza lolote, la Muscat au la huku kwetu, ambako siku hizi kila wizara ina kamati ya ushauri na kila mradi una kikao cha wadau, ni moja: mkikataliwa, nani analazimika kueleza kwa nini, mbele ya nani, na asipoeleza anapoteza nini? Kama jibu la mwisho ni "hapotezi kitu", idadi ya viti na rangi ya mazulia havinihusu.

Katika uchaguzi ule wa 2023 viti 90 viligombewa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyepata. Yule mtoto wa watu wa shangazi alipita. Alikuja kushukuru, akanywa kahawa, na shangazi akamweleza habari ya mjukuu wake, yule yule aliyemshikia simu, mwenye shahada ya uhandisi na mwaka wa tatu hana kazi. Mheshimiwa akatoa kidaftari mfukoni, akaandika jina la kijana na namba yake.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi kumjulia hali. Nikamuuliza kijana amefikia wapi. Akasema yupo, amelala chumbani. Mheshimiwa amewaambia barua imeshafika wizarani.